Shangazi Alisema Chemchemi Iko Juu, Mimi Nikatafsiri Vingine

Kosa ni langu. Nalisema mapema ili usije ukanionea huruma njiani halafu ukajuta. Hakuna aliyenituma, hakuna aliyenilazimisha, na sikuwa nimelewa. Nilikuwa na akili zangu timamu, nimekaa kwenye kigoda asubuhi kweupe, nikasema uongo mbele ya mtu aliyeniamini kuliko watu wote duniani.

Natokea upande wa Iyula, wilaya ya Mbozi. Jina la kijiji naliacha, na langu naliacha. Watu wa huko wakisoma watanijua tu, na wana haki.

Niliolewa Tunduma. Mume wangu alikuwa dereva wa malori, mimi nilikuwa nauza vitenge ninavyofuata Nakonde, upande wa Zambia. Maisha hayakuwa mabaya. Halafu mwenzangu akapata mwanamke ng'ambo, akahamia huko. Si mbali, jamani! Ni kuvuka tu mpaka. Nilikuwa namwona akipita na lori lake kwenye foleni, ananipungia mkono kama mtu anayepungia jirani. Nilivumilia mwaka mzima, nikashindwa. Nikarudi nyumbani na watoto wangu wawili, godoro moja na sufuria.

Baba alikwishafariki. Kaka zangu walinipokea vizuri siku ya kwanza. Siku ya tatu yule mkubwa akaniambia, bila hata kunitazama, "Wewe uliolewa. Hapa shamba huna."

Aliyenitetea ni shangazi, dada yake marehemu baba. Yeye naye aliolewa mbali, kule kwenye milima ya Ileje, mumewe akafa, akarudi. Babu ndiye aliyemkatia eneo: bustani bondeni kando ya chemchemi, na kipande kingine juu kwenye mteremko, kama robo tatu ya ekari, nusu yake kichaka.

Shangazi aliposikia nimenyimwa shamba aliwaita kaka zangu kwake. Akasimama na mkongojo wake akasema, "Kipande cha juu ni changu, alinipa baba yangu. Leo nampa huyu. Mwenye neno aseme sasa."

Hakuna aliyesema. Ndivyo nilivyopata ardhi. Nataka ulijue hilo kwanza, ndipo uelewe nilimtendea nini.

Mwaka uliofuata kijiji chetu kikaingizwa kwenye mpango wa matumizi bora ya ardhi. Wataalamu walitoka halmashauri, wakakaa na kamati ya kijiji, wakachora ramani: hapa makazi, hapa kilimo, hapa malisho, hapa hifadhi. Mpango wa miaka kumi. Ramani ya awali ikabandikwa ukutani pale ofisi ya kijiji, tukaambiwa kila mtu aende akaitazame, mwenye maoni aandikishe kabla ya mkutano mkuu kuipitisha.

Mimi nilikwenda siku ya kwanza kabisa. Chemchemi yetu ilikuwa imechorewa duara la kijani. Sheria ni kwamba kutoka kwenye chanzo cha maji, mita sitini kila upande, hakuna kulima. Duara lilichorwa kwenye dimbwi la bondeni, pale tunapochota. Bustani ya shangazi ilikuwa ndani. Kipande changu cha juu kilikuwa nje.

Nilishusha pumzi! Nilikuwa nimeshaweka oda ya miche ya parachichi. Niliona kichwani miti imekua, wanunuzi wanakuja na magari yao mpaka shambani, wanangu wanakwenda sekondari bila mimi kumpigia mtu magoti.

Sasa, wazee wasioweza kutembea walifuatwa nyumbani kuchukuliwa maoni yao. Shangazi nyonga ilikuwa imemchakaza, kufika ofisini hawezi. Na Kiswahili chake kilikuwa cha kanisani na cha sokoni tu, akiingia kwenye mazungumzo marefu anapotea. Mwenyekiti wa kitongoji alikuwa ametoka na kundi lingine, mtendaji wa kijiji si mwenyeji, kwa hiyo mtendaji akaniambia, "Wewe umekaa Tunduma, Kiswahili chako kimenyooka. Mpeleke afisa kwa shangazi yako, umtafsirie."

Nikampeleka. Alikuwa dada mmoja mpole wa idara ya ardhi, ana lafudhi ya Pwani, viatu vimejaa matope. Alipiga goti kumsalimia shangazi. Shangazi akampenda papo hapo, akaniagiza nimletee maziwa ya mgando.

Yule dada akafungua fomu. "Muulize bibi, ana maoni gani kuhusu mpango? Bustani yake itaingia kwenye hifadhi. Ana pingamizi?"

Nikamwuliza kwa Kinyiha, lugha yetu. Shangazi akaweka mikono juu ya mkongojo, akaanza kuongea. Aliongea taratibu, kwa mpangilio. Nitakuandikia alivyosema, kwa sababu nimeyakumbuka kila siku tangu asubuhi ile.

"Mwambie huyu binti nimefurahi wamekuja kuuliza. Bustani yangu naiacha, sina ugomvi. Lakini ramani yao imekosea. Pale bondeni maji yanatokeza tu ya kuchota. Jicho lenyewe liko juu, kwenye kichaka. Mwaka wa ukame mkubwa, mimi nikiwa msichana, dimbwi lilikauka. Mama yangu akapanda juu, akachimba chini ya ile miti ya mivengi, maji yakaja. Waliokuwa wanapajua wamekufa, nimebaki mimi. Wakilinda chini wakaacha juu, watakuwa wanalinda kisima kitupu."

Kile kichaka ni changu! Ukipima mita sitini kutoka kwenye ile mivengi, shamba lote linakwenda. Lote!

Lakini hakuwa amemaliza. Akanigeukia kidogo, akanishika goti.

"Na umwambie hivi. Kile kipande nimempa huyu mtoto wangu. Wakichukue, lakini wamfidie kwingine. Kijiji kina ardhi ya akiba kule ng'ambo ya barabara. Mwambie naomba hilo kabla sijafa."

Ungekuwa wewe ungefanya nini? Najua ungefanya nini. Ungetafsiri. Mimi nilijiambia, nani atampa ardhi mwanamke aliyeachika? Kaka zangu wa damu wamenikataa, itakuwa kijiji? Niliona kabisa nimekaa tena na watoto wangu na godoro langu.

Yule dada alikuwa anasubiri, kalamu mkononi. "Bibi anasemaje? Ameongea mengi."

Nikacheka. Mungu wangu, nilicheka! Nikasema kwa Kiswahili cha haraka haraka, cha mjini, ili shangazi asidake hata neno moja, "Anakumbuka mambo ya zamani, unajua wazee. Amefurahi mmekuja. Bustani anaiacha, hana pingamizi lolote, anaunga mkono mpango kama ulivyo."

Akaandika. Akatoa kidau cha wino. Shangazi akabonyeza dole gumba lake kwenye karatasi, kwa uangalifu, kama mtu anayetia saini hati kubwa. Kisha akaniuliza, "Umewaambia yote?"

"Yote, shangazi."

"Na ya shamba lako?"

"Na hiyo pia."

Akafurahi, jamani. Akamfungia yule dada mahindi mabichi kwenye mfuko.

Mkutano mkuu ulipitisha mpango bila kelele. Niliporudi shangazi aliniuliza, "Na kule juu?" Nikamwambia wataalamu wamepima kwa vyombo vyao, wamesema juu hakuna maji. Akasema, "Basi. Ni wasomi hao." Ndipo nikaona mambo yameisha. Nilimfanya yule mama aamini kwamba alisema na serikali ikampuuza.

Kabla ya mvua nilikata kile kichaka. Mivengi sita, minene, sikuacha hata mmoja. Nilichoma visiki. Nilikuta udongo mweusi na mbichi chini yake, na wakati huo ni katikati ya kiangazi! Nilijua ninachokiona. Nikapanda parachichi juu yake.

Shangazi aliona moshi kutoka barazani kwake. Aliniuliza, "Moshi ule wa wapi?" Nikasema wa kwa jirani.

Mvua zilipokaribia kwisha, yule dada wa ardhi alirudi na mwenyekiti wa kitongoji kusimika vigingi vya mpaka wa hifadhi. Alisema hawezi kuondoka bila kumsalimia bibi yake. Mimi nilikuwepo, nachambua maharage. Safari hii hakunihitaji, mwenyekiti ni Mnyiha.

Walisalimiana vizuri. Kisha shangazi akamwuliza mwenyekiti kwa Kinyiha, bila hasira, "Hebu mwulize, kwa nini yale niliyosema kuhusu jicho la juu hawakuyasikia?"

Mwenyekiti akatafsiri. Yule dada akashangaa. "Jicho la juu? Lipi?" Akafungua faili lake palepale, akapekua, akasoma kwa sauti: "Hana pingamizi. Anaunga mkono mpango kama ulivyo." Na dole gumba la shangazi chini yake.

Mwenyekiti akamtafsiria shangazi neno kwa neno. Halafu wote wawili, mwenyekiti na yule dada, wakanigeukia.

Nilitamani ardhi inimeze. Nilisubiri shangazi aseme. Neno moja tu lingetosha. Kaka zangu wangelisikia kabla ya jua kuzama, na ningefukuzwa pale na watoto wangu.

Shangazi hakunitazama. Alitazama mkongojo wake. Akasema, "Mimi ni mzee. Labda nilitaka kusema nikasahau. Acheni tu."

Mwenyekiti akamwuliza mara mbili, "Una uhakika, mama?"

"Acheni tu, mwanangu."

Yule dada alisema kama kuna maoni mapya bibi anaweza kuyaandikisha, yataangaliwa mpango utakapopitiwa tena. Shangazi akashukuru. Wakaenda.

Nafasi ilikuwa ile! Sote wanne tulikuwa pale. Mivengi nilikuwa nimeshaikata, ndiyo, lakini miche ilikuwa midogo, ningeing'oa kwa mkono. Ningesema "Nisameheni, ni mimi," shangazi angenitetea mara ya pili, namjua. Lakini nilikaa kimya nikaendelea kuchambua maharage. Mtu akiniuliza kosa lako kubwa ni lipi, siku ya fomu au siku ya maharage, namwambia siku ya maharage. Siku ya fomu niliogopa. Siku ya maharage nilikuwa nimeshajua kwamba ananipenda, nikamwacha abebe.

Hakuwahi kunigombeza. Hakumwambia mtu. Wanangu aliendelea kuwapikia magimbi. Kilichobadilika ni kimoja tu: hakunipa tena neno lake nimbebee.

Zamani nilikuwa nampeleka zahanati, namsemea. Sasa tukifika mbele ya mganga, akiulizwa anaumwa wapi, anaonyesha kwa kidole. Mganga anauliza, "Maumivu yalianza lini?" Namtafsiria. Ananyamaza. Nikimsihi sana anasema, "Mpigie Tusekile aje."

Tusekile ni binti yake, ameolewa hukohuko Ileje. Mpaka ashuke milima, apate gari, afike kwetu, inaweza kupita siku nzima, mvua ikinyesha siku mbili. Shangazi alikuwa tayari kusubiri siku mbili na maumivu yake, kuliko kuyapitisha kwenye mdomo wangu.

Ilikuwa tumbo. Alikuwa nalo muda mrefu na mimi sikujua, niliyekuwa nalala hatua thelathini kutoka mlangoni kwake. Tusekile alipokuja ndipo lilipojulikana, tukampeleka hospitali kubwa, wakasema laiti wangemwona mapema. Sisemi ningetafsiri ukweli angepona. Labda asingepona. Lakini angeweza kulalamika. Mtu mgonjwa ana haki ya kulalamika kwa mtu wa kwake! Hata hilo nilimnyang'anya.

Alifariki kiangazi. Siku ya msiba tuliteka maji ya wageni dimbwini, yakaisha kabla ya kupika. Wanawake waliinama na vikombe wakikwangua tope. Nilisikia mmoja anasema, "Mbona imekuwa hivi, na tulipolinda ndipo yalipokimbia?" Nilikuwa nimeshika ndoo. Niliiweka chini nikaenda kulia nyuma ya jiko, watu wakadhani namlilia shangazi. Nilikuwa namlilia, lakini si kwa namna waliyodhani.

Kiangazi kilichofuata dimbwi lilikauka kabisa. Sasa watoto wa shule wanafuata maji mtoni, mbali, wanaingia darasani kipindi cha pili kimeshaanza. Wanangu wamo.

Halmashauri ikaleta tena wataalamu, mpango upitiwe upya, wajue chanzo kimeharibikaje wakati mpaka umeheshimiwa. Mkutano ulifanyika kwenye uwanja wa shule. Mtaalamu alisema vigingi viko sawa, hakuna aliyelima ndani, yeye haelewi. Akauliza kama kuna mzee anayejua historia ya chemchemi.

Watu wakatazamana. Mtu mmoja akasema, "Aliyekuwa anajua ni yule mama, na tumemzika."

Nikasimama. Nikashika bega la mwanamke aliyekaa mbele yangu. Nikasema yote. Nilianza kwa Kinyiha, kama alivyosema yeye, maneno yake yale yale, mpaka la mama yake kuchimba chini ya mivengi. Kisha nikayasema kwa Kiswahili. Kisha nikasema nilichomwambia yule dada.

Hakuna aliyenipigia kelele. Heri wangenipigia kelele. Mwanamke niliyemshika bega aliutoa mkono wangu taratibu, akauweka pembeni.

Mtaalamu aliniuliza jambo moja tu. "Alisema upewe ardhi ya akiba?"

"Ndiyo."

Akafungua makabrasha yake. Akatikisa kichwa. Ardhi ya akiba ilikuwepo, akasema. Mwaka ule ule waligawiwa watu waliokuwa ndani ya hifadhi, wote walioomba, wanawake wawili wakiwamo. Sasa imekwisha.

Nilikaa chini.

Kipande changu kimeingia hifadhi. Miparachichi niling'oa mwenyewe, ilikuwa imeanza kutoa maua. Tumepanda mivengi, midogo, inafika magotini. Udongo pale sasa ni mkavu na mgumu, na mabwana misitu wanasema tuwe na subira ya miaka mingi, nayo haina ahadi. Nimerudi Tunduma, nimepanga chumba, nauza vitenge tena. Watoto nimewaacha kwa kaka yangu mpaka wamalize shule, ananipokelea simu siku akitaka.

Nilimpigia Tusekile, sikutaka asikie kwa watu. Nilimweleza huku nalia. Alinisikiliza mpaka mwisho.

Akasema, "Mama alijua tangu siku ya vigingi. Alinikataza nisikuulize. Alisema una watoto."

Nikaketi kitandani, simu sikioni.

"Alinikataza kukuuliza," akasema tena. "Lakini hakunikataza kukwambia usije kwangu." Akakata simu. Namba yake ninayo, siipigi.

Wewe unayesoma, najua una mzee nyumbani. Ipo siku utaitwa umsemee: kwa daktari, benki, mahakamani, kwa watu wa ramani kama nilivyoitwa mimi. Utaona kama ni kazi ndogo, na utaona hakuna atakayejua. Nakuomba, sema alichosema. Hata kama kinakuumiza, hata kama kinakunyang'anya, kitoe kama kilivyoingia. Na ukiwa umeshakosea, ukaona anakufichia, usimwache akufichie! Fungua mdomo siku hiyo hiyo, angali hai, angali anaweza kukutukana.

Mimi ningetoa chochote nilichonacho shangazi yangu anitukane.